Hua wawili

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili la Majilio, tukiingoja Krismasi, nimekwama kwenye Luka 2:24, mstari tunaoupita haraka tukimkimbilia Simeoni, aliyempokea Mtoto hekaluni. Yusufu na Maria wanampeleka Mtoto Yerusalemu, na sadaka yao ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka haelezi kwa nini. Aliyeijua Torati hakuhitaji kuelezwa. Fungua Walawi 12: mama aliyejifungua mtoto wa kiume alihesabu siku 40, kisha akaleta mwanakondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Aya ya 8 inasema asipomudu mwanakondoo, alete ndege wawili. Kwa hiyo familia tunayoiimbia mwezi huu iliingia hekaluni na sadaka ya maskini.

Sasa soma aya ya 7 na ya 8 pamoja. Aliyeleta mwanakondoo, kuhani anamfanyia upatanisho, naye anakuwa safi. Aliyeleta hua, kuhani anamfanyia upatanisho, naye anakuwa safi. Hakuna mahali kuhani anaagizwa kumuuliza mama wa watu mwanakondoo yuko wapi.

Naandika haya nikiwa na deni.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya sadaka ya Krismasi hapa usharikani, huku Kilolo. Desemba ya kwetu mnaijua: mvua imeshika, njia ni utelezi mtupu, mahindi ndiyo kwanza yanachipua shambani na ghala limeanza kuonyesha sakafu. Kukusanya tulikusanya vizuri, hapo sina neno. Mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni za mche. Tukafungasha kwenye mifuko ya salfeti, kijana mmoja akaiandika jina la usharika kwa maka peni, herufi kubwa za kuonekana toka barabarani.

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, ukaanza mnada kama kawaida. Asiyekuwa na fedha ya kutoa alileta alichonacho: kuku, mayai, parachichi, viazi. Mjane mmoja wa jumuiya yetu alileta sado ya maharage, yamepepetwa na kuchambuliwa, huoni hata punje ya mchanga. Mzee akanadi, mara ya kwanza, mara ya pili, yakaniangukia mimi kwa shilingi elfu kumi. Watu wakapiga makofi. Mama yule alikuwa anatabasamu.

Hazikupita dakika ishirini tukamwita mbele, kwa jina lake, kwenye orodha ya wasiojiweza. Tuliita mara tatu. Alikuwa benchi la tatu tu, anahangaika na kifungo cha shati la mjukuu wake. Mwishowe akaja, akapokea mfuko kwa mikono miwili, akapigwa picha. Jioni picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, na mimi niliweka alama ya kuipenda.

Januari nilipita kwake. Kamwene, kamwene, nikakaribishwa ndani, nikapewa kigoda. Nyuma ya mlango ulining'inia ule mfuko, umegeuzwa, maandishi yote yakiwa upande wa ndani. Hakusema kitu juu yake, nami sikuuliza. Nyumbani kwangu tulikuwa bado tunakula maharage yake.

Mathayo 6, Yesu anapokataza kupiga panda, yaani tarumbeta, tunapotoa sadaka, huwa tunahubiri kiburi cha mtoaji. Nimesikia mahubiri hayo mara nyingi, na mengine nimeyatoa mwenyewe. Anayesimama karibu na panda masikio yakimuuma hatumtaji.

Kwenye kikao cha mwaka huu mzee wetu mmoja alitoa hoja nzito: bila picha, waumini watajuaje kwamba sadaka yao imefika? Ni haki yao kuuliza. Paulo naye, kwenye ule mchango kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, hakutaka lawama. Soma 2 Wakorintho 8:18-21 uone alivyohakikisha yupo ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri nao. Ila waliochunguzwa hapo ni wabebaji. Sura za maskini wa Yerusalemu hazikupelekwa Korintho. Basi tumekubaliana hesabu isomwe kanisani yote, kilichoingia, kilichonunuliwa, kaya ngapi zimefikiwa, na majina yabaki kwa wazee wawili.

Na safari hii tuliuliza kwanza. Nyumba tatu hazikutaja mchele kabisa. Moja ilisema mbolea ya kukuzia, kwa sababu mahindi hayamsubiri mtu. Mbili zilisema sare na madaftari. Ada ya shule za serikali ilifutwa, kweli, lakini sare hakuna aliyeifuta, na Januari iko mlangoni. Mbolea bado haijatimia, mwenye nafasi anione.

Vitu tutavigawa Jumamosi jioni, giza likianza kuingia, kila mzee na jumuiya yake.

Wiki iliyopita nilimwendea yule mama kumwomba aingie kwenye kamati. Alinisikiliza hadi mwisho huku anachambua maharage kwenye ungo, kisha akauliza swali moja.

"Mifuko mwaka huu mtaiandika tena, baba?"

Nikamwambia hapana.

"Haya. Jumamosi nitakuja."