Loki ya Difu Kwenye Mbuga ya Bahi

Mvua za El Niño zilipotushukia mwishoni mwa 1997, Dodoma yetu ya vumbi iligeuka nchi nyingine kabisa. Mkoa ambao mwaka wa kawaida haufikishi milimita 600 za mvua ulinyeshewa mchana na usiku. Makorongo ya mchanga tuliyozoea kuyavuka kwa miguu yalishuka na maji mekundu, reli ya kati ikakatika, na nyuma ya maji kikaja kipindupindu. Januari 1998 zikatufikia habari kwamba zahanati moja kusini mwa Bahi, upande wa Chipanga, imeishiwa dripu na visima vya kijiji vimefunikwa na mafuriko. Malori yalishajaribu yakarudi. Likabaki gari letu la mradi wa visima, Land Cruiser fupi ya milango miwili.

Nililipenda gari lile na bado nalipenda. Lilikuwa na injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyojua haraka wala kuchoka. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.31 tu, wakati ndugu yake mrefu anayebeba wagonjwa na watalii ana karibu mita tatu. Ufupi huo ni baraka ukiwa kwenye korongo, maana gari linashuka ukingo na kupanda wa pili bila kukwaruza tumbo. Kwenye utelezi ufupi huohuo ni hatari. Gari refu likianza kuserereka nyuma, dereva anapata muda wa kurekebisha usukani. Fupi linageuka ghafla, na ukichelewa kidogo unajikuta unatazama ulikotoka.

Pembeni ya usukani kulikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kufunga difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Hatua ya kwanza inafunga ya nyuma, ya pili inaongeza ya mbele. Taa ya dashibodi inapepesa mpaka meno yashikane ndani, kisha inatulia. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili na kuyaacha yazunguke kwa mwendo tofauti, kwa sababu kwenye kona la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Barabarani hilo ni jambo jema. Kwenye tope, gurudumu moja likikosa mshiko, lenzake nalo linapewa nguvu ileile ndogo, na gari linasimama huku upande mmoja unazunguka bure. Ukifunga loki yanazunguka pamoja, na lililoshika ardhi linalisukuma gari mbele.

Tulikuwa watatu. Bwana Afya wa wilaya alikaa mbele na daftari lake. Nyuma, katikati ya maboksi ya dripu, pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na ndoo za klorini, alijibana mhandisi wetu wa visima, mtu wa Norway mwenye miguu mirefu kuliko nafasi aliyopewa. Mpaka Bahi tulifika bila la kusimulia, ingawa pale Kigwe maji yalikuwa yamekula nusu ya barabara.

Kutoka Bahi kwenda kusini ndiyo mbuga yenyewe, uwanda wa tope, si mbuga ya wanyama. Udongo ule mweusi kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi. Masika hunywa maji, huvimba, na kuwa tope zito linaloshika kila kinachoupita. Hujaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi linakuwa laini kama kibuyu. Hapo hata uwe na loki ngapi, unazungusha vibuyu vinne. Kwa hiyo tulisimama kabla ya kuingia. Nilipunguza upepo matairi yote mpaka pauni 20 ili yalale na kukanyaga kwa upana, nikaingiza foo ili magurudumu yote manne yasukume, gia ndogo, namba mbili, nikafunga difu ya nyuma. Mwendo wa kule ni mmoja: usikanyage mafuta kwa pupa na usisimame. Kila tope lilipojaa kwenye kashata niliongeza mafuta kidogo, matairi yakalitapika, nikalegeza tena. Kwenye mikondo iliyochimbwa na malori loki zilifanya kazi yake vizuri sana, na mara mbili hivi niliongeza ya mbele, usukani ukawa mzito mikononi.

Halafu tukafika kwenye tuta.

Barabara hapo ilikuwa imeinuliwa miaka ya nyuma ipite juu ya majaruba ya mpunga. Mgongo uko katikati, pande zote mbili zinashuka kwenye maji, na juu yake tope jembamba limelala kwenye ardhi ngumu. Tulipokaribia, mgongo wenyewe ulikuwa umeliwa na maji, ikabidi tupite kwenye mlalo wa kushoto, gari likiwa limeinama. Nilizungusha kitufe nikafungua difu zote.

Bwana Afya aliisikia ile sauti, akaiona taa inazimika. "Kijana, unafanya nini? Funga! Hapa ndipo pa kufunga!"

"Mzee, niachie hapa nikupitishe."

"Tutazama na dawa za watu! Funga zote mbili!"

Sikumlaumu. Alikuwa ameyaona maiti ya wiki ile. Lakini dereva mzee aliyenifundisha kazi, Mgogo wa Mvumi, alinikalisha jambo hili kichwani kabla hajaniruhusu kushika gari peke yangu: kwenye mlalo usifunge nyuma. Difu ikiwa wazi, gurudumu moja likiteleza na kuzunguka, la pili linabaki linabiringika taratibu na linashika upande, linazuia mkia usishuke. Ukifunga, yakikosa mshiko yanakosa yote mawili kwa pamoja, hakuna la kulishikilia gari, na sehemu yote ya nyuma inakwenda inakotaka mteremko. Kwa gari fupi, huko ni majini.

Kutoka nyuma ikaja sauti ya mhandisi, Kiswahili chake cha taratibu. "Mwache, Bwana Afya. Kwetu ni hivyo hivyo kwenye theluji."

Akaanza kueleza huku gari linatambaa, nadhani kwa makusudi, ili mzee apate cha kusikiliza badala ya kutazama maji. Alisema kwao theluji ikikanyagwa na magari hugeuka barafu, na kwamba baridi lote wanatumia matairi yenye misumari. Alisema baba yake alikuwa na gari fupi la jipu lenye loki, na barabara ya kwao imechongwa ubavuni mwa mlima. Theluji ikiwa nene na njia iko sawa, loki inakutoa. Njia ikiinama, loki inakupeleka mtaroni.

Mimi nilikuwa namsikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa kwenye ukingo na mguu wangu haukubanduka kwenye mafuta wala haukuyazidisha. Mkia ulishuka mara moja, ukafika karibu na maji, gurudumu la kulia likashika, ukarudi. Bwana Afya akanyamaza. Tulipofika mwisho wa tuta alishusha pumzi, akasema, "Mbukwa, mwanangu," salamu ya Kigogo, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana.

Kulikuwa na korongo moja zaidi kabla ya kijiji. Hapo nilifunga minyororo kwenye matairi ya nyuma, nikarudisha loki zote, tukapanda ukingo moja kwa moja. Nesi wa zahanati hakutusalimia hata. Alichukua boksi la kwanza la dripu mikononi mwangu akaingia nalo ndani, na Bwana Afya akamfuata huku akivua viatu vyake vya matope.

Tulilala pale siku mbili, mhandisi akitia klorini visima na mimi nikichota maji naye. Siku ya kurudi tulingoja jua la saa nne likaushe uso wa njia. Mhandisi aliomba aendeshe, nikampa ufunguo. Tulipolikaribia tuta, mkono wake ulikwenda kwenye kitufe ukafungua difu zote, na Bwana Afya akaendelea kuandika kwenye daftari lake bila kuinua kichwa.