Ukinyimwa mafao ya ulemavu Marekani, usianze maombi upya

Barua ya kukataliwa ikifika, wengi huingia mtandaoni na kujaza maombi mapya. Ndilo kosa linalogharimu kuliko yote, na nitalirudia chini. Kwanza tuone kwa nini barua yenyewe hufika.

Social Security, idara ya serikali ya Marekani inayotoa mafao haya, ina mipango miwili ya ulemavu. SSDI ni bima uliyoichangia kazini: kwa kawaida unatakiwa krediti 40 (alama unazopata kwa kipato cha kazi kilichokatwa michango), na 20 kati yake ziwe za miaka 10 kabla ya ulemavu; vijana hudaiwa chache zaidi. SSI haitazami michango, inatazama uhitaji: mali isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja, bila kuhesabu nyumba unayoishi. Kote kuwili, mtu mzima lazima awe na hali iliyodumu au itakayodumu angalau miezi 12, au inayotarajiwa kumuua, na inayomzuia kufanya kazi ya kumwingizia kipato cha maana. Kwa mwaka 2025 kipimo hicho kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi (asiyeona ana masharti yake). Ukizidisha hapo, hakuna atakayefungua faili lako la hospitali.

Baada ya hapo, jina la ugonjwa lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kisukari, mgongo, sonona: wapo wenye hayo yote na wanakwenda kazini kila siku. Mkaguzi anatafuta mipaka. Unaweza kusimama dakika ngapi? Unainua ratili ngapi? Ukikaa saa nzima, nini hutokea?

Ndiyo maana fomu ya shughuli za kila siku, SSA-3373, huzamisha watu. Inauliza kama unapika, mtu anaandika "ndiyo" na kupita. Kumbe anapasha chakula akiwa amekaa kwenye stuli, na baada ya dakika 10 analala. Hiyo ya pili ndiyo iandikwe. Aibu ya kuonekana mzembe ni adui mkubwa kwenye fomu hii.

Barua ya daktari nayo. "Mgonjwa wangu hawezi kufanya kazi" haisaidii, kwa sababu uamuzi huo ni wa Social Security wenyewe. Mwombe aandike saa za kusimama na kukaa, uzito, matumizi ya mikono, na siku ngapi kwa mwezi ungelazimika kukosa kazi, kisha aonyeshe kipimo gani kinathibitisha. Kama uliacha dawa kwa kukosa fedha, sema. Ukinyamaza, wanaweza kuhesabu kwamba hukuwa mgonjwa kiasi hicho.

Kwenye kazi za zamani, tangu Juni 2024 wanaangalia miaka 5 tu, si 15. Usiandike cheo peke yake. "Msaidizi wa wagonjwa" hakumwambii mkaguzi kwamba ulikuwa unawainua watu wazima kitandani.

Sasa rufaa. Una siku 60 tangu upokee barua, na wanachukulia kwamba uliipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Hatua ni mapitio, jaji, Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho. Ukianza upya badala ya kukata rufaa, unaweza kupoteza tarehe ya maombi ya kwanza na malimbikizo yake; kwa SSDI, bima yako huenda imekwisha muda wakati huo, na ulemavu lazima uwe ulianza kabla haijaisha.

Kwa jaji, ushahidi wa maandishi upelekwe au utajwe angalau siku 5 za kazi kabla ya shauri. Wakili kwa kawaida hulipwa ukishinda tu: asilimia 25 ya malimbikizo, na kwa mikataba ya kawaida ukomo uliwekwa dola 9,200 Novemba 2024. Muulize mapema kuhusu gharama za kupata rekodi, hizo huwa kando. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, lakini mwombe tangu kwenye fomu, si asubuhi ya shauri.