Kanisani Moshi tulipewa bahasha kabla ya kuulizwa tunakaa wapi

Mliokulia sharika za Kilutheri za mlimani Kilimanjaro, Mbokomu, Kirua, Old Moshi, mnajua mgeni alivyokuwa akipokelewa. Wakati wa matangazo anaitwa asimame, anataja jina, alikotoka na nyumba aliyofikia, kwaya inamwimbia. Kazi yenyewe ilianza baada ya hapo. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa wa mtaa wako anakusubiri mlangoni, anakusindikiza mpaka apajue kwako, na kabla ya wiki kwisha wanajumuiya wameshajaa sebuleni. Hata kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka mgeni alikumbukwa: mtu ananunua mkungu wa ndizi, halafu anasema, "Huu mpelekeeni mgeni wetu." Marehemu mama aliwapokea hivyo walimu na manesi waliohamishiwa kwetu. Wapo waliotoka mikoani kuja kumzika.

Nimerudi mwaka huu, baada ya miaka mingi Leipzig, Ujerumani. Mke wangu ni Mhehe, Mlutheri tangu utotoni, ila Moshi hajawahi kuishi. Tumepanga mjini, tukaenda usharika wa jirani, ambao sitautaja. Jengo zuri, skrini kubwa, watu wamejaa hadi nje. Kijana wa mlangoni, mstaarabu kabisa, akatupa fomu: majina, simu, usharika tulikotoka. Barua yetu ya utambulisho akaipokea, akaibana nyuma ya fomu. Hatujakaa vizuri, zikaletwa bahasha, moja ya ahadi ya sadaka, nyingine ya jengo, pamoja na namba ya kulipia kwa simu. Tunakaa wapi, hakuna aliyeuliza.

Kwenye mnada ndipo nilipoumia. Mama mmoja alileta trei ya mayai. Aliyekuwa akinadi akashika maikrofoni, akatangaza kwamba leo tuna ndugu yetu kutoka Ulaya na hawezi kutuangusha. Bei ikawa inapanda huku kanisa zima limenigeukia mimi. Nikalipa, mayai nikayabeba. Mke wangu alikuwa amekaa, mkoba mapajani, anatabasamu kwa kila anayepita. Akina dada wawili wa benchi letu, tuliokuwa tumeshiriki nao kitabu cha nyimbo, wakampita kwenda kwenye gari bila hata "Bwana Yesu asifiwe". Mimi nina shangazi na binamu mji mzima. Yeye tegemeo lake lilikuwa kanisa. Njiani akaniuliza, "Hivi huku mtu akifiwa, watu wanakuja?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mimi ndiye niliyemsifia Moshi miaka yote hiyo.

Najua usharika unaendeshwa kwa sadaka. Kule Sachsen, jimbo la Leipzig, kodi ya kanisa inakatwa kwenye mshahara, asilimia 9 ya kodi ya mapato, serikali ndiyo inayokusanya, kwa hiyo hakuna wa kukukimbilia na bahasha. Hapa kwetu posho ya mwinjilisti, umeme na mabati vyote vinasubiri mfuko wa waumini. Nimetoa na nitaendelea kutoa. Lakini huko Leipzig, kwenye kanisa la baridi lenye wazee wachache, bibi mmoja alituandikia anwani yake kwenye karatasi Jumapili ile ile ya kwanza, akatuita kwake kunywa kahawa. Na ni Misheni ya Leipzig iliyoleta Ulutheri Kilimanjaro mwaka 1893! Mmisionari wao Bruno Gutmann, aliyefika mlimani 1902 na kufanya kazi miaka mingi Kidia, Old Moshi, alikuta Wachaga wana ukoo, ujirani na rika, akaujengea usharika humo humo. Huo ujirani haukuja na meli, aliukuta kwa bibi na babu zetu. Kuukosa kwetu, nikaupata kwao, kumenikera kuliko foleni na bei za viwanja ambazo kila anayerudi analalamikia.

Aliyekuja kwetu wa kwanza ni jirani wa ukuta mmoja, Mkatoliki wa Kibosho, na sufuria ya mtori. Jumuiya yao inakutana nyumba ya nyuma, akasema tusishtuke tukisikia nyimbo alfajiri, na akachukua namba ya mke wangu endapo kutatokea shida usiku.

Wewe unayefunga mizigo kurudi, usikae kusubiri kutembelewa. Ibada ikiisha nenda ofisi ya usharika, uliza mzee wa mtaa wako ni nani, jumuiya inakutana siku gani na kwa nani, uende na mwenzako. Habari za Ulaya zikae nyumbani kwanza. Bahasha ya ahadi ijaze ukishawajua watakaokuja kwako ukiugua.

Nanyi wazee wa kanisa mnaonisoma, fomu za wageni wa Jumapili iliyopita ziko ofisini. Ongezeni mstari wa mahali mtu anapokaa, mgawane majina kwa mitaa, na kabla ya Jumatano mmoja wenu awe ameshabisha hodi.