Birika Jipya Kando ya Bahari

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yeremia 2:13, pale Mungu anapolalamika kwamba watu wake wamefanya maovu mawili: wamemwacha yeye aliye chemchemi ya maji ya uzima, kisha wakajichimbia mabirika yanayovuja.

Kazi yangu mnaijua, kuendesha wageni. Ijumaa iliyopita niliwapokea vijana wanne stesheni ya Miritini, wameshuka SGR kutoka Nairobi, na safari yao yote ilikuwa ya kilabu kimoja kipya ng'ambo ya daraja la Nyali. Matangazo yake walikuwa nayo kwenye simu mwezi mzima. Niliwafikisha saa nne usiku, nikaegesha, nikasoma Biblia kidogo, nikasinzia. Saa sita haja ikanibana, baunsa akanionea huruma akaniruhusu kuingia.

Pale mlangoni wamejenga chemchemi ya mapambo, ya marumaru, na taa za samawati zinawaka chini yake. Ilikuwa kavu. Ndani mlikuwa na vifuniko vya chupa na pakiti ya sigara iliyofinywa. Chooni nikafungua mfereji, ukakohoa tu. Nyuma ya mlango palikuwa na mtungi wa lita 20, ule ule tunaouziwa kwa mkokoteni huku Kisauni, na kata ya plastiki ikielea juu. Nilicheka peke yangu. Kiingilio shilingi elfu mbili, halafu mgeni ananawa kwa kata! Ukumbini meza nyingi zilikuwa tupu, dijei aliyetangazwa hajafika, na vijana wangu wamejaa kwenye kochi moja, kila mmoja na simu yake, wakingoja usiku uanze.

Saa saba wakatoka. Binti mmoja, viatu mkononi, akaniuliza, "Mzee, hii Mombasa inayosifiwa iko wapi sasa?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshalipanga nikiwa garini, Yeremia na mabirika yake yote, na nikalitoa. Niseme ukweli, nililifurahia. Yeye alinisikiliza kwa adabu mpaka tukakaribia hoteli yao, ndipo akasema taratibu, "Mzee, mimi nilisali kanisa moja miaka miwili. Bango lao pia lilikuwa zuri."

Sikupata la kusema.

Tukisikia birika, wengi wetu tunafikiria la chai. Analosema Yeremia ni shimo lililochongwa mwambani na kupakwa lipu ili liweke maji ya mvua. Aliyewahi kuingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ameliona birika la namna hiyo. Si kazi ndogo kulichimba. Ndiyo maana nadhani hao watu hawakuwa wavivu wala wahuni. Walitoka jasho kabisa, wakapaka lipu vizuri, na ufa ukawa chini ambako hakuna jicho linalofika.

Nilikuwa nimesoma mstari wa 13 bila kurudi kwenye ule wa 8. Pale wa kwanza kutajwa ni makuhani, ambao hawakuuliza Bwana yuko wapi. Walevi hawamo kabisa. Mimi niliuchukua ujumbe uliokuja na anwani ya hekalu nikaupeleka kilabu.

Mnakumbuka semina yetu ya vijana, ile tuliyokodi spika kubwa na kuchapisha mabango mpaka Mtwapa? Kuna kijana mgeni aliyekaa safu ya nyuma siku mbili, ya tatu hakuja, na hakuna aliyemjua hata jina. Zamu ya kupokea wageni ilikuwa yangu. Nilikuwa nje nahesabu viti vya kukodi.

Nimepeleka watalii chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi mara nyingi. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikasafiri chini kwa chini bila mtu kuiona, hadi inapochomoza Mzima ikiwa safi, unaona samaki na miguu ya viboko chini ya maji. Tangu miaka ya 1950 bomba linayaleta maji hayo hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Mfereji ulipokohoa pale kilabuni, kule Mzima viboko walikuwa wanaoga kama kawaida. Huwa tunalaumu ukame upesi sana.

Jumapili baada ya ibada niliwarudisha Miritini kuwahi treni ya saa tisa. Nikimshushia yule binti begi, nilimuuliza jina lake, swali ambalo ningeanza nalo Ijumaa. Alinitajia, akaniuliza na langu. Naomba tumwombee wiki hii. Jina silitaji hapa, Mungu anamjua.