Parachichi badala ya siagi

Jamani, tangu nianze kupaka parachichi kwenye mkate wa asubuhi badala ya siagi, ile njaa ya saa nne imenipungua sana. Naliponda kwa uma, chumvi kidogo, pilipili manga, limau, basi.

Na si utamu tu. Gramu 100 zake zina takribani gramu 15 za mafuta, mengi ya aina ileile iliyomo kwenye mafuta ya zeituni, pamoja na nyuzinyuzi karibu gramu 7. Potasiamu yake inaizidi ya ndizi (mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza). Ninachokipenda zaidi: ukilichanganya kwenye saladi ya karoti, mafuta yake husaidia mwili kufyonza ile rangi ya karoti inayogeuzwa kuwa vitamini A. Saladi kavu haikupi faida hiyo vizuri.

Likiwa gumu, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, litaiva haraka. Nusu iliyobaki ikamulie limau, uifunike ibanwe kabisa, maana hewa ndiyo inayoifanya iwe nyeusi.