Mauser ya Tisa Nyekundu

Miongoni mwa bastola za kale ninazozikusanya hapa Marekani ninakoishi, hakuna inayonifanya nisite kutoa fedha kama Mauser C96 yenye tarakimu 9 iliyochongwa mpinini na kupakwa rangi nyekundu. Bastola ya C96 ilianza kutengenezwa Oberndorf, Ujerumani, mwaka 1896, na kwa kawaida ilitumia risasi za milimita 7.63. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, jeshi la Ujerumani lilipungukiwa na bastola, na mwaka 1916 likaagiza Mauser 150,000 za risasi za milimita 9, zile zile zilizotumiwa na Luger, bastola nyingine ya jeshi hilo. Kwa kuwa Mauser hizo mpya hazikutofautiana sana kwa sura na zile za awali, tarakimu ile iliwekwa ili askari asije akapakia risasi zisizofaa.

Leo tarakimu hiyo ndiyo alama inayoghushiwa kwa urahisi kuliko zote, kwani mpini ni vipande viwili vya mbao vilivyoshikwa na skrubu moja tu, na yeyote mwenye patasi na rangi anaweza kuichonga. Kwa hiyo mimi huuacha mpini kwanza, nikaangalia chuma. Kilengeo cha nyuma cha bastola ya jeshi kwa kawaida huishia mita 500, ilhali zile za kibiashara huandikwa hadi 1,000 (nani aliyewahi kulenga kwa bastola umbali wa kilomita nzima, sijui). Mbele ya sehemu ya kuwekea risasi hutafuta muhuri mdogo wa tai wa ukaguzi wa jeshi, na nyuma ya nyundo herufi N na S zilizofungamana, alama ya Kijerumani ya kizuizi kipya cha usalama. Kingo za alama hizo zikiwa zimefifia huku chuma chenyewe kikimeremeta, basi bastola imesuguliwa na kupakwa rangi upya, na thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka sana hata kama muuzaji anaisifia kwamba ni kama mpya.

Kisha hulinganisha nambari za vipande vidogo na ile ya fremu. Ala ya mbao, ambayo pia hupachikwa nyuma ya mpini ikawa kitako, aghalabu huwa ya bastola nyingine, na hilo silijali sana. Lakini bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ikiwa na nambari ngeni, huirudisha bastola mezani bila hata kuuliza bei.