Nilivyotenga maji ya kunywa na kupikia na maji ya bomba

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunatambuana hata tukikutana Dar es Salaam. Mtu akicheka tu, meno yanasema ametoka wapi. Yangu ya mbele yana mabaka ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyatoa, na nimemaliza sekondari nikiwa bado naziba mdomo kwa kiganja kila nikicheka. Nilipopata mtoto wa kwanza niliapa kwamba haya hatayarithi.

Mji wetu ni mdogo na maji ya bomba tunayo. Ni meupe, yanatiwa dawa, na kwa upande wa kuhara au homa ya matumbo sina la kulalamika. Shida yetu haimo kwenye vijidudu. Maji ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi, madini ambayo yakizidi yanaharibu meno, nayo huwezi kuiona wala kuinusa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ndicho kiwango cha Tanzania pia siku hizi. Zamani tuliruhusiwa hadi miligramu 4, kwa sababu maji mbadala yalikuwa shida kupatikana. Mto Maji ya Chai na vyanzo vingi vya upande huu vinazidi hiyo miligramu 1.5 kwa mbali.

Kinachoniumiza ni kusikia mama mwenzangu akisema, "Wanangu nawachemshia, sina wasiwasi." Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale. Tena maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, yale yanayobaki yanakuwa nayo nyingi zaidi kwa kila lita. Vidonge vya klorini navyo haviigusi.

Nilianza kwa kupima. Nilichukua chupa ya plastiki, nikaisuuza mara kadhaa kwa maji yaleyale ya bomba, nikajaza na kuipeleka maabara ya maji. Majibu yalionyesha zaidi ya mara mbili ya kiwango. Usitegemee majibu ya jirani, maana bomba lake likilishwa na chanzo kingine, hali inaweza kuwa tofauti kabisa na kwako.

Baada ya hapo nyumbani kwetu maji yaligawanyika mafungu mawili. Kufua, kuoga, kudeki na kuosha vyombo, bomba linatosha, kwa sababu floraidi inadhuru kwa kumezwa. Maji ya kunywa, ya uji, ya chai, ya ugali na ya mboga yakawa ya mvua, ambayo kwa kawaida karibu hayana floraidi. Nilipiga hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku. Tuko watano, ni lita 25. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni kama siku 150, kwa hiyo lita 3,750. Simtanki la lita 5,000 likatutosha, nikalinunua kwa mkopo wa kikoba. Watu wanadhani bati la nyumba ndogo haliwezi kulijaza. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Bati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 linatoa karibu lita 1,000, ukiacha kinachomwagika. Masika ikikaa sawa, tanki linafurika.

Maji ya mvua nayo yana uchafu wake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha imwagike, iondoke na vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tanki una wavu, na ya kunywa bado nachemsha.

Mwaka ambao vuli ilitutupa, nilihamia kwenye chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kazi hii imefanyiwa utafiti wa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, hapahapa Arumeru. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa punjepunje, kisha maji ya bomba yanapitishwa humo polepole ili mkaa ushike floraidi. Nilifundishwa kuikagua kwa kuvunja punje moja na kutazama rangi ya ndani. Ikiwa nyeupe, imeungua kupita kiasi na haishiki floraidi vizuri. Ikiwa haijaiva vizuri, maji yatanuka. Ubaya wake ni kwamba mkaa ukishachoka, maji yanatoka meupe vilevile, kwa hiyo lazima upime tena mara kwa mara na kuubadilisha. Ndiyo maana kwangu mvua ni ya kwanza na chujio ni la akiba.

Vita ngumu ilikuwa jikoni. Huku tunapikia makande magadi ili maharage yaive upesi, na magadi ya kanda hii yana floraidi nyingi. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi aliniuliza, "Mwanangu, makande bila magadi yataiva lini?" Sikubishana naye. Usiku niliroweka mahindi na maharage, asubuhi nikamwaga yale maji na kubandika mapema. Alipokula alisema, "Haya, sawa, ila chumvi imepungua." Magadi hayajarudi jikoni kwangu tangu hapo.

Haraka yangu yote ni kwa sababu ya umri. Meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi tangu uchanga hadi kama miaka 8, na doa likishaingia wakati huo halifutiki. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi inaharibu hata mifupa. Wazee wenye miguu iliyopinda na viungo vilivyokakamaa tunao mtaani. Mkubwa wangu ameshaota meno ya mbele ya ukubwani. Ni meupe.

Sasa nahangaikia shule. Wanangu wanabeba chupa kutoka nyumbani, lakini wenzao wanakinga mikono bombani, na mabati ya madarasa ni makubwa kuliko ya nyumba yoyote hapa. Kamati ya wazazi imekubali kufunga mifereji kwenye jengo la darasa la awali, walipo wadogo kabisa. Fedha za tanki bado, na kikao kijacho nitasimama tena kuziombea.